Karata Alizozitupa Bi Pasi

Ukishuka ngazi za nyuma za hoteli ile, zile zisizo na zulia, mvuke ulikupokea kabla hujapokewa na mtu. Chumba cha dobi kilikuwa na mashine nne za kufulia, mbili za kukaushia, na pasi kubwa ya mvuke iliyofungwa kwenye bomba lililotoka darini. Aliyeishika pasi hiyo kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono minene na sauti ya chini, ambaye wenzake walimwita Bi Pasi. Mashati mia na zaidi kwa siku yalikuwa yake peke yake.

Alikuwa na uso ambao watu waliuelewa vibaya. Mgeni akishuka kulalamika kwamba suti yake imeungua, Bi Pasi alimsikiliza kama anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa, na mgeni akaondoka akidhani amedharauliwa. Hakuwa na dharau hata chembe. Uso ule ulikuwa umefundishwa, na aliyeufundisha ni baba mkwe wake.

Mzee huyo alikuwa dereva wa treni za mizigo. Mwaka wa pili baada ya kustaafu alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito, maneno yakawa yanatoka moja moja kama maji ya bomba bovu. Mwanawe, mume wa Bi Pasi, alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kuitwa wakati wowote watu wakikwama kati ya ghorofa na ghorofa, kwa hiyo kumuuguza mzee kukamwangukia mkwe. Alimwogesha, akamlisha, akamgeuza ubavu huu na ule. Hakulalamika, wala hakujifanya kwamba anafurahia.

Mzee alikuwa na marafiki watatu: mwalimu mstaafu, fundi cherehani, na karani wa posta. Kwa miaka mingi walikuwa wakicheza poka kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na kiharusi hakikuwazuia. Walisogeza meza kando ya kitanda, basi. Kilichobaki kuwa tatizo ni mkono. Karata mzee alizijua zote, ila hakuweza kuzishika.

"Mkwe," alisema Jumapili ya kwanza. "Shika."

Bi Pasi akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshikia. Wakapatana ishara: akipepesa kope mara moja, fuata dau, mara mbili, tupa karata, akifumba macho kabisa, pandisha. Mzee akashindwa Jumapili ile, na ya pili yake, na mwezi mzima. Walikuwa wakichezea maharage, na bakuli la mzee lilikuwa tupu kabla chai haijaiva. Mwishowe akagundua kwamba wale wenzake hawakuwa wakimtazama yeye hata kidogo. Walikuwa wakimtazama mkwe. Ikija karata nzuri, nyusi za Bi Pasi zinapanda. Ikija mbaya, anamwonea mzee huruma waziwazi.

"Uso," mzee alisema wageni walipoondoka, kisha akakusanya nguvu za maneno mengine. "Uso wako unanimaliza."

"Nifanyeje, Baba?"

"Fikiria kazi."

Akafikiria kazi. Shati lina utaratibu wake: kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, mgongo, na kifua mwisho. Kila karata ilipofunuliwa, Bi Pasi alipiga pasi shati moja kichwani mwake, taratibu, bila kuruka hatua. Baada ya miezi miwili fundi cherehani alilalamika kwamba kucheza na mzee siku hizi ni sawa na kucheza na ukuta uliopakwa chokaa.

Aliyekasirika ni wifi yake, dada wa mume, aliyekuja kumjulia hali baba yake akakuta maharage yametapakaa juu ya blanketi.

"Wifi yangu, baba yuko kitandani hivi, wewe umemtandikia kamari?"

"Ni maharage, wifi."

"Kamari ya maharage si kamari?"

"Basi mwambie mwenyewe."

Wifi akaingia chumbani kumwambia. Akatoka baada ya dakika moja, akachukua mkoba wake, na jambo hilo halikuzungumzwa tena. Mzee alimjibu nini hakuna aliyejua, ila haikuwa hotuba, maana siku ile alikuwa na pumzi ya neno moja tu.

Kiharusi cha pili kilichukua kope. Jumapili iliyofuata wazee walikuja kama kawaida, wakagawa karata. Bi Pasi akazishika, akayatazama macho ya mzee, akayaona yako wazi, hayasemi kitu. Akangoja kidogo kama anayesoma ishara. Kisha akaweka maharage manne mezani.

Mwalimu mstaafu alimtazama, akamtazama mzee, akavuta kiti mbele. "Leo rafiki yangu amekaza," akasema, naye akaweka manne.

Ikawa hivyo kwa miezi saba. Walijua, naye alijua kwamba wanajua, na hakuna aliyelitamka. Mzee alipofariki, bakuli lake lilikuwa limejaa kuliko ya wenzake wote.

Kazini, Bi Pasi aliwafundisha madobi wenzake. Walicheza wakati wa mapumziko juu ya meza ya kukunjia mashuka, na kwa kuwa maharage yalikuwa jikoni na mpishi mkuu hakuwa mtu wa kuazimwa kitu, walichezea vifungo vilivyong'oka kwenye nguo za wageni. Huko hakukuwa na upinzani mkubwa. Mwendesha mashine za kufulia alikuwa akipata karata nzuri anaanza kuimba.

Hayo yangebaki huko chini kama chama cha wacheza karata kisingekodi ukumbi wa hoteli kwa mashindano yake ya mwaka. Kwa kushukuru punguzo, chama kilimpa meneja kiti kimoja cha bure. Meneja aling'olewa jino Ijumaa, na Jumamosi asubuhi shavu lake lilikuwa limevimba kama andazi. Akasimama mapokezi, ameshika taulo yenye barafu, akauliza kama kuna mfanyakazi yeyote anayejua poka, kiti kisikae kitupu.

"Madobi wanacheza kila siku," alisema wa mapokezi. "Wanachezea vifungo."

"Wanachezea nini?"

"Vifungo, bosi. Vya mashati."

Meneja alitaka kucheka, shavu likamkataza.

Bi Pasi alipanda ghorofa ya kwanza saa nne kasoro dakika tano, amevaa gauni lake la kwendea nyumbani na viatu bapa. Ukumbini kulikuwa na meza sita na wachezaji arobaini na wanane. Vile vitambaa vya kijani juu ya meza alivijua. Alikuwa amevipiga pasi mwenyewe Alhamisi. Kila mchezaji alipewa tokeni sawa na mwenzake, na utaratibu ulikuwa ule ule wa kitandani kwa mzee: karata mbili za siri kwa kila mtu, tano za wazi katikati ya meza, tatu kwanza, kisha moja, kisha moja, na kila mara watu wanaweka dau au wanatupa. Ukiishiwa tokeni, unanyanyuka.

Hakufanya maajabu. Alitupa karata nyingi, akacheza chache, akala tokeni za watu waliodhani wanamtisha. Kufika saa saba meza zilikuwa zimebaki tatu. Kufika saa tisa ilibaki moja, yenye watu watano, naye alikuwa mmoja wao, mwenye fungu la wastani mbele yake. Madobi wawili walikuwa wamepanda kwa zamu kuchungulia mlangoni, wakashuka na habari ambazo huko chini hazikuaminika.

Kati ya wale watano, wa kuogopwa walikuwa wawili. Mmoja alikuwa wakili, mrefu, bingwa wa miaka miwili mfululizo, mtu asiyeweza kukaa kimya. Alizungumza na wachezaji, akazungumza na mgawaji, akazungumza na karata zenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa akimwita Bi Pasi "mama", kwa sauti ile ya kumsaidia mtu kuvuka barabara.

"Mama, usiogope, weka tu. Tokeni haziumi."

Wa pili alikuwa mwanamke wa makamo mwenye duka la dawa, ambaye wote walimwita Mfamasia. Huyu hakusema kitu. Alizipanga tokeni zake kwa rangi, na mikono yake ilikuwa haitulii, ikizinyoosha na kuzipanga upya kama anayehesabu vidonge vya mgonjwa. Tokeni zake ndizo zilizokuwa nyingi kuliko za wote. Tangu asubuhi Bi Pasi alikuwa amemwona akipandisha dau kubwa mara nne tu, na mara zote nne aliyemfuata alijuta.

Saa tisa na nusu mgawaji akagawa. Mfamasia akapandisha, dau la kawaida. Wakili akafuata, akitabasamu. Wengine wawili wakatupa. Bi Pasi akainua kona za karata zake: tisa mbili. Akafuata.

Mgawaji akafunua tatu za kwanza. Mfalme. Mfalme. Tisa.

Bi Pasi akaanza na kola.

Sasa alikuwa na tisa tatu na wafalme wawili, tatu kwa mbili, karata ambayo mtu anaweza kucheza mwaka mzima asiipate mara moja yenye maana. Zamu yake ilikuwa ya kwanza. Akagonga meza kwa kidole, maana yake hana la kusema. Mfamasia akaweka dau dogo. Wakili akafuata haraka. Bi Pasi naye akafuata, pole pole, kama anayemlipia mtu mwingine nauli. Mmoja wao ana mfalme, alijua, na huenda wote wawili. Wafalme watatu hawafui dafu mbele ya tatu kwa mbili. Alichotaka ni waendelee kuweka.

Karata ya nne ikafunuka. Ree, ile yenye A, inayomzidi mfalme.

Bi Pasi hakuitazama ree zaidi ya kuijua. Kitandani kwa mzee alikuwa amejifunza kwamba karata ikisha kufunuliwa haibadiliki, ina muda wa kukungoja. Wanaobadilika ni watu, nao hawakungojei. Akamtazama Mfamasia.

Mikono ya Mfamasia ilikuwa imetulia. Tokeni zilikuwa mbele yake zimekaa upogo, rundo la nyekundu limeinama, na hakulinyoosha. Wala hakuitazama ree, wala karata zake. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye tokeni za wakili, yakazipima kutoka juu hadi chini, kisha yakazivuka yakaja kwenye tokeni za Bi Pasi, yakazipima nazo. Yote hayo hayakuchukua muda wa kupiga chafya. Kisha mikono ikarudi kwenye kazi yake.

Bi Pasi akagonga meza. Mfamasia akaweka dau la kadiri, si kubwa, si dogo. Wakili akavuta pumzi kupitia puani, akazungusha mabega.

"Jamani," akasema, "tusichoshane." Akazikumbatia tokeni zake kwa mikono miwili, akazisukuma zote katikati. Baadhi zikaanguka zikabingirika. "Zote. Mama, ni zamu yako. Ukitaka kushuka hapa, mlango uko wazi, hakuna atakayekulaumu."

Watu waliokuwa wametolewa mapema walikuwa wamezunguka meza. Mtu mmoja akakohoa. Tokeni za Bi Pasi zilikuwa karibu nusu ya zile za wakili. Akifuata, anaweka zote, na akishindwa anarudi chini kwenye mvuke.

Mabega. Mikono. Wakili alikuwa na mfalme, hilo halikuwa na utata. Kelele zake zilikuwa za mtu mwenye karata nzuri anayetaka ionekane mbaya. Lakini angekuwa na mfalme na ree, asingewakimbiza watu; angewalea. Bi Pasi angempiga wakili, na hilo lilimpa hamu kubwa ya kufuata.

Mgongo. Lakini Mfamasia alikuwa bado hajasema neno lake la mwisho, na angelisema baada ya Bi Pasi. Mtu anayeiogopa ree huitazama ree. Huyu alikuwa ametazama atakacholipwa. Mwenye mfalme na ree mkononi, sasa ana wafalme watatu na ree mbili, nazo zinazimeza tisa tatu na kilichozifuata.

Huenda amekosea. Huenda mwanamke yule alikuwa amechoka tu, akayapumzisha macho mahali. Kutupa tatu kwa mbili kwa sababu ya namna mtu alivyotazama ni jambo ambalo hata mzee angelipinga kwa kope zote mbili. Bi Pasi alilijua hilo pia. Akamaliza kifua, akazichukua tisa zake mbili, akazisukuma kwa mgawaji zikiwa zimelala kifudifudi.

"Natupa."

"Vizuri, mama," alisema wakili. "Busara ni mali."

Mfamasia hakungoja hata mate yakauke mdomoni. "Nafuata," akasema, na hilo lilikuwa neno lake la tatu au la nne tangu asubuhi. Akafunua mfalme na ree.

Wakili akafunua mfalme na jeki. Kwa kitambo uso wake ulibaki bila mwenyewe. Kisha karata ya tano ikaja, nayo ilikuwa jeki, akaruka kutoka kitini na kupiga kelele, kwa kuwa sasa naye alikuwa na tatu kwa mbili. Mgawaji, kijana mwenye adabu, akamngoja amalize, halafu akamwonyesha kwa kiganja: wafalme watatu huku na wafalme watatu kule, na ree mbili zinazidi jeki mbili. Wakili akaketi, akasimama tena, akavaa koti lake. Alimpa mkono kila mtu mezani isipokuwa Bi Pasi, kwa kusahau, nadhani, maana hakuwa mtu mbaya.

Bi Pasi alidumu saa moja na robo zaidi. Akamtoa mmoja wa wale wawili wengine, akapungukiwa, akaongeza, na saa kumi na moja kasoro akaweka zote akiwa na jozi mbili dhidi ya mtu aliyehitaji karata moja tu, nayo ikaja. Haikuwa na hadithi yoyote. Akawa wa tatu. Mfamasia ndiye aliyechukua kikombe.

Kwenye meza ya chai Mfamasia alimfuata, akasimama kando yake akikoroga kikombe kisichokuwa na sukari.

"Dada, naomba nikuulize. Ile ya wafalme. Ulitupa nini?"

"Karata mbaya tu."

Mfamasia akaacha kukoroga. "Mtu mwenye karata mbaya hutupa upesi," akasema. "Wewe ulikaa kama uko kwenye msiba." Kisha akaongeza, "Zilikuwa tisa."

"Mbona unauliza unachokijua?"

"Sikijui. Ningekijua nisingelala leo." Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. "Mimi, kwa tisa, ningefuata."

"Wewe ulikuwa hujioni," alisema Bi Pasi. "Mimi nilikuwa nakuona."

Mfamasia aliweka kikombe chini, akaitazama mikono yake, mmoja na mwingine. Aliaga kwa heshima, akaondoka na kikombe chake cha ushindi kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Wakili aliisimulia siku ile mahali pengi, kwa namna yake. Katika simulizi hiyo alikuwa amepigwa na bahati mbaya ya kihistoria, na mwanamke wa dobi alikuwa ameingiwa na hofu akakimbia. Meneja aliisikia, akamletea Bi Pasi habari huko chini, akitarajia akasirike.

"Si ndivyo ilivyoonekana?" alisema Bi Pasi, akageuza shati.

Madobi walimwamini tangu mwanzo, lakini wao wangemwamini hata angesema ametupa wafalme wanne. Wifi yake, aliposikia kwamba amekuwa wa tatu kati ya arobaini na wanane, alitaka kujua tu kama kikombe cha wa tatu ni cha chuma au plastiki, na alipoambiwa kwamba wa tatu hana kikombe akasema alijua.

Mume ndiye aliyehangaika. Alimsikiliza Jumamosi ile akiwa ameketi mezani na bisibisi mkononi, akamwomba arudie, karata kwa karata, akazichora juu ya karatasi. Mtu wa lifti hapendi kitu kinachosimama bila sababu inayoonekana. Jumatatu alimuuliza kama mgawaji hawezi kukumbuka zile mbili zilikuwa nini, angalau pawe na shahidi. Bi Pasi akamwambia mgawaji hakuziona, na zilikwisha kuchanganywa.

"Ungezionyesha basi. Ungezifunua, wakaona."

"Halafu?"

Mume akaikunja ile karatasi aliyochorea karata. Jumanne asubuhi, akiwa amesimama mbele ya kioo, nusu ya uso ina povu la sabuni, akamwita mkewe kutoka jikoni.

"Nimelifikiria lile jambo lako," akasema. "Mimi nisingetupa."

"Najua," alisema Bi Pasi, akamkumbusha kwamba maji ya kuogea yanapoa.